Pete, Bangili na Maji: Hukumu na Utunzaji wa Mapambo Yaliyovikwa Dhahabu



Ndugu zangu, makala hii haikuanzia darasani. Ilianzia jikoni kwa mama, Rumonge, likizo iliyopita. Nilifika jioni na basi la kutoka Bujumbura, barabara ile inayofuata ziwa mpaka unachoka kulitazama, nikamkuta dada yangu mkubwa amekaa kwenye mkeka na mtoto mgongoni. Hakuwa amekuja kunipokea. Ilikuwa siku yake ya tatu tangu arudi nyumbani na begi la nguo.

Mbele yake, juu ya sinia, kulikuwa na bangili tatu na pete moja. Ndiyo yaliyokuwa mahari yake, pamoja na fedha taslimu. Mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya hapo nilikuwepo siku ya akdi, na nilimsikia walii akitaja "bangili tatu na pete moja za dhahabu." Sasa bangili zilikuwa zimeingia weusi kwenye kingo, na mkono wa dada ulikuwa na mviringo wa kijani, kama mtu aliyefungwa kamba ya majani mabichi.

"Amenioa kwa shaba," dada akasema.

Mama akanigeukia. "Wewe ndiye unayesomea dini huko chuoni. Tuambie."

Wanafunzi wenzangu wa masomo ya Kiislamu mnaijua hali hiyo. Mtu anakuuliza swali moja, kumbe ndani yake yamo matano, na wewe ulijiandaa kwa mtihani wa historia ya fiqhi. Nikaomba siku mbili. Yafuatayo ni niliyoyapata katika siku hizo, kwa kusoma, kwa kuuliza wakubwa wa elimu pale mjini, na kwa kukaa saa nzima kwenye kibanda cha sonara. Nimeyaandika kwa sababu tangu nirudi chuoni nimehesabu pete za namna hii kwenye mikono mingi, ya dada zetu na, samahani, ya kaka zetu pia.

Sonara alianza na pete. Aliigeuza kwenye mwanga akanionyesha maandishi madogo sana upande wa ndani: 1/20 14K GF. Mwaka mzima hakuna aliyekuwa ameyasoma. Kisha akazigeuza bangili. Hazikuwa na alama yoyote.

Hapa ndipo pa kuelewa kwanza, kwa sababu hukumu zote zinazofuata zinategemea kitu chenyewe ni nini. Sisi sokoni tunasema "plake" kwa kila kinachong'aa na si dhahabu tupu, lakini ndani ya neno hilo kuna vitu viwili tofauti. Kipo kilichochovywa: shaba au chuma kingine hutiwa kwenye maji yenye chembe za dhahabu, ukapitishwa umeme, dhahabu ikaganda juu yake kwa unene usiofikia hata unene wa unywele mmoja, mbali sana na kuufikia. Na kipo kilichovikwa: bamba la dhahabu hasa hugandamizwa juu ya shaba ya manjano kwa moto na nguvu mpaka vishikane, kisha ndipo hutengenezwa pete au mkufu. Nchini Marekani kanuni za biashara haziruhusu kuandika herufi GF mpaka dhahabu hiyo iwe angalau sehemu moja ya ishirini ya uzito wote, yaani asilimia 5. Hiyo ndiyo maana ya 1/20. Na 14K ni daraja la dhahabu yenyewe: sehemu 14 kati ya 24 ni dhahabu safi, zilizobaki ni madini mengine.

Tukipiga hesabu, pete ya gramu 6 yenye alama hiyo ina gramu 0.3 za dhahabu ya daraja la 14, na ndani ya hizo dhahabu safi ni kama gramu 0.175. Si nyingi, lakini ipo. Ukiichovya pete nyingine ya uzito uleule, dhahabu yake hata mizani ya sonara wetu haiioni.

Kwa hiyo dada alikuwa amepewa vitu vya aina mbili, na muuzaji mmoja wa mjini alimwambia shemeji kwamba vyote ni "kumi na nne." Kwa upande wa pete alisema nusu ya ukweli. Kwa upande wa bangili hakusema kitu.

Sasa maji. Dada aliamini kuwa maji ya ziwa ndiyo yaliyoharibu bangili. Ziwa Tanganyika si bahari, maji yake hayana chumvi ya kukausha ngozi, ila yana ugadi kidogo, na kila aliyefulia nguo humo anaujua ule utelezi wake. Dhahabu yenyewe haisumbuliwi na maji hayo. Hailiwi na kutu, na ndiyo maana inaokotwa mtoni baada ya karne nyingi ikiwa bado njano. Kinachosumbuliwa ni shaba iliyo chini. Dhahabu ya juu ikichubuka, unyevu, hewa na jasho huifikia shaba, nayo hutoa ile kijani inayobaki kwenye ngozi.

Na nani aliichubua? Nilimuuliza dada anaosheaje vyombo. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Anaosha kama tunavyoosha sote: anashuka ufukweni na masufuria yenye masizi na mafuta ya mawese, anachota mchanga na jivu, anasugua mpaka sufuria inakuwa kioo. Bangili ziko mkononi muda wote huo. Mchanga unaong'oa masizi kwenye sufuria utashindwaje kung'oa dhahabu nyembamba kuliko utando wa kitunguu? Ongeza javeli ya kufulia nguo nyeupe, ambayo ni adui wa shaba na hata wa dhahabu za madaraja ya chini. Ongeza jasho la jua la saa saba. Pete ilisalimika kwa sababu koti lake ni nene. Bangili hazikuwa na koti, zilikuwa na rangi.

Basi kwa dada zangu mnaovaa vitu hivi, utunzaji wake ni huu, na hauhitaji dawa ya dukani. Vua kabla ya sabuni, mchanga, jivu na javeli. Jipake mafuta na manukato kwanza, yakauke, ndipo uvae. Ukiingia ziwani nayo, suuza baadaye kwa maji safi na ufute kwa kitambaa laini mpaka pakauke hata ndani ya pingu ya mkufu, kwa maana ni unyevu unaobaki pale unaofanya kazi usiku. Weka penye ukavu, peke yake, isikwaruzane na funguo. Usisugue kwa dawa ya meno. Watu wanapenda sana dawa ya meno, na kweli pete hutoka iking'aa, lakini kinachong'aa ni kwamba umekwangua tabaka moja. Limau na jivu ni kwa shaba tupu, si kwa hii.

Mtu atasema: nivue mara ngapi, na mimi natia udhu mara tano kwa siku? Swali zuri, kwa sababu mwenye kutia udhu kwa kila swala na kuosha mikono mara tatu tatu anapitisha maji juu ya pete yake mara 15 kwa siku kwa uchache. Nimefurahi kukuambia kwamba udhu hauidhuru. Maji matupu yanayopita na kukauka hayaondoi dhahabu iliyovikwa. Tatizo la udhu ni la upande wa pili: si maji yanaifanya nini pete, ni pete inayafanya nini maji.

Tunajua hadithi ya Abdullah bin Amr katika Bukhari na Muslim. Masahaba walikuwa safarini, wakati wa Alasiri umewabana, wakawa wanapangusa miguu yao haraka haraka, Mtume (s.a.w.) akawaonya kwa sauti ya juu juu ya visigino vilivyobaki vikavu. Imam Bukhari alipoweka mlango kuhusu kuosha visigino alitaja hapo hapo kwamba Ibn Sirin alikuwa akiosha mahali pa pete anapotia udhu. Mimi nilikuwa nimeupita mstari huo mara nyingi bila kuuona. Kisigino na pete vimewekwa pamoja kwa sababu tatizo ni moja: kipande kidogo cha ngozi ambacho mwenyewe haangalii. Na katika Muslim, kutoka kwa Umar, yumo mtu aliyeacha sehemu ya ukubwa wa kucha kwenye unyayo wake, akaamrishwa arudi akautengeneze udhu wake.

Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu mwambao wa ziwa tumelelewa nayo, jambo liko wazi. Pete ikiwa pana na maji yanafika chini yake, kuizungusha ni sunna. Ikiwa imebana na maji hayafiki ila kwa kuizungusha au kuivua, basi kuizungusha au kuivua ni wajibu. Wamaliki wana wepesi katika pete ambayo ni halali kwa mvaaji wake, hata ikibana. Lakini angalia sharti hilo la uhalali, tutalirudia. Bangili ya kubana inafuata njia hiyo hiyo, kwani mkono unaoshwa mpaka kwenye kiwiko. Kipini cha puani kipo ndani ya mpaka wa uso. Hereni haina mjadala katika udhu, kwa maana masikio hupakwa tu na ni sunna, lakini katika josho la wajibu maji lazima yafike sehemu ya tundu inayoonekana, na kusogeza hereni kidogo kunatosha. Haulazimiki kuchokonoa ndani.

Dada aliuliza kitu ambacho sikukitarajia. "Na hii kijani? Nimeswali nayo mwezi mzima." Alikuwa na hofu ya kweli, sauti ilishuka. Nikamwuliza: ukipitisha kucha juu yake, kuna kitu kinatoka? Hapana, ni rangi tu. Basi ni kama hina. Wanavyuoni wanatofautisha kitu chenye umbo kinachozuia maji, kama nta au rangi ya kucha, na rangi iliyobaki bila umbo. Hiyo ya pili haidhuru udhu. Swala zake ziko salama. Lakini ule uchafu wa sabuni na jasho unaojikusanya chini ya bangili isiyovuliwa mwezi mzima, ukawa kama utando, huo una umbo, na huo uondolewe. Ni sawa na mawese: yakiwa majimaji mkononi maji hupita na kuenea juu ya ngozi, lakini asubuhi ya baridi yakishaganda kama mafuta ya ng'ombe, usitie udhu juu yake. Watu wa Rumonge wanaokamua mawese wanalijua hili bila kufundishwa.

Nitaje hapa ujanja mmoja wa hosteli. Wapo wanaopaka rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa ndani wa pete ili kidole kisigeuke kijani. Ikikaa kwenye pete, hakuna ubaya. Ikigusa kidole na kukaukia hapo, umejitengenezea kisigino cha kwenye ile hadithi.

Na kupotea. Maji ya ziwa alfajiri ni baridi, na kidole kikipoa hunywea, pete iliyokuwa inabana saa sita mchana inatoka yenyewe. Bukhari amepokea kutoka kwa Anas kuhusu pete ya fedha ya Mtume (s.a.w.), ile iliyokuwa muhuri wake. Baada yake ilikuwa mkononi mwa Abu Bakr, kisha Umar, kisha Uthman (r.a.). Siku moja Uthman alikuwa amekaa kwenye kisima cha Aris, akaitoa akawa anaichezeachezea, ikatumbukia. Walitafuta siku tatu, wakakikausha kisima, hawakuipata. Kisima hicho kilikuwa na mwisho. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470.

Wala usidhani kwamba kuhangaikia pambo ni jambo la kipuuzi katika dini. Mkufu wa Bi Aisha (r.a.) ulipopotea safarini, Mtume (s.a.w.) alisimamisha msafara mzima uutafute, mahali pasipo na maji na watu hawana maji. Abu Bakr alimkemea binti yake kwa ukali, naye hakuweza hata kujitikisa kwa sababu Mtume alikuwa amelala kichwa chake pajani kwake. Asubuhi hiyo ikateremka ruhusa ya tayamamu. Walipomwinua ngamia, mkufu ulikuwa chini yake. Kuna mapokezi kwamba mkufu wenyewe ulikuwa wa kuazima, wa dada yake Asma. Kila anayepata tayamamu leo hospitalini au jangwani ameipata kwa sababu ya mkufu mmoja uliopotea mahali pakavu. Nilimsimulia dada habari hii, na nikaona amechukua pete sinia ikabaki na bangili tu.

Siku ya pili shemeji alikuja. Alikaa nje kwenye benchi, akakataa chai. Na mimi macho yangu yakaenda mkononi mwake, kwa sababu alikuwa na pete, mwenza wa ile ya dada.

"Shemeji," nikamwambia, "naomba uniazime pete yako kidogo."

Akaitoa. Ndani: 1/20 14K GF.

"Aliyeniuzia aliniambia hii ya mwanamume ni rangi tu, haina hukumu," akasema. Maneno hayo hayo nimeyasikia hapa chuoni, kwa hiyo tuyajibu.

Uharamu wa dhahabu kwa wanaume hauna shaka. Katika hadithi ya Ali iliyo kwa Abu Dawud na wengine, Mtume (s.a.w.) alishika hariri na dhahabu na kueleza kwamba hivi viwili ni haramu kwa wanaume wa umma wake na halali kwa wanawake. Na katika Muslim, kutoka kwa Ibn Abbas, alimvua mtu pete ya dhahabu na kuitupa, akaifananisha na kaa la moto ambalo mtu anajiwekea mkononi. Alipoondoka watu walimwambia yule bwana aiokote ainufaike nayo kwa njia nyingine, akaapa kuwa hataichukua kamwe ilhali Mtume ameitupa.

Je, kilichopakwa dhahabu juu? Wanavyuoni wa Kishafii waliizungumza mas-ala hii kabla hakujakuwa na umeme wa kuchovyea, na wakatoa kipimo cha moto: kitu kikiwekwa motoni, je, dhahabu itakusanyika na kupatikana, au itapotea tu? Ikipatikana, hukumu yake ni ya dhahabu. Isipopatikana kitu, wapo walioruhusu kukitumia, ingawa kitendo chenyewe cha kupaka walikikataza, na wapo waliokuwa wakali zaidi, hasa katika pete. Imam Nawawi katika al-Majmu' anaeleza hata hali ya dhahabu iliyoingia kutu mpaka haionekani tena. Baadhi walipinga wakisema dhahabu haina kutu, wakajibiwa kwamba safi haina, lakini iliyochanganywa na kitu kingine inaweza kuwa nayo. Nilisoma ukurasa huo nikiwa na bangili za dada mfukoni!

Pima sasa pete ya shemeji. Dhahabu yake imegandamizwa, ina uzito, na sonara alisema anaweza kuitenga kwa moto na dawa zake, ingawa ni kidogo na kazi yake ni ghali kuliko thamani yake. Inakusanyika. Kwa hiyo yule aliyenunua kitu kwa sababu "ni nusu dhahabu tu" amenunua kitu kilicho karibu zaidi na uharamu kuliko ile pete ya bei rahisi iliyochovywa. Hili ndilo liliwashangaza wote pale nje. Ubora wa pete ndio uliomponza.

Kuhusu hizo zilizochovywa nyepesi, sitamhukumu mtu, lakini nadhani kaka zetu waziache. Fedha ipo na ni sunna. Tena mwenye kuvaa pete inayofanana na dhahabu anawafanya wenzake wamdhanie, na wadogo wamfuate. Saa zenye rangi ya njano ni jambo jingine kidogo: nyingi siku hizi hazina dhahabu hata chembe, rangi hutoka kwenye madini ya titani, na rangi peke yake haiharamishi. Soma maelezo ya saa yako. Na yule aliyetegemea wepesi wa Wamaliki kutozungusha pete yake kwenye udhu, akumbuke sharti lile: pete ya haramu haina wepesi huo.

Biashara yake nitaipitia haraka. Fadala bin Ubayd (r.a.) alinunua siku ya Khaybar mkufu wa dhahabu na shanga kwa dinari 12, alipoutenganisha akakuta dhahabu yake peke yake inazidi dinari 12, na Mtume (s.a.w.) akaelekeza kwamba usiuzwe mpaka utenganishwe. Hapo ilikuwa dhahabu kwa dhahabu. Sisi tunanunua kwa faranga, na wanavyuoni wengi wa zama hizi wanazihesabu noti kuwa na hukumu ya thamani kama dinari, kwa hiyo dhahabu hainunuliwi kwa mkopo wala kwa malipo ya mafungu. Kitu kilichovikwa dhahabu inayopatikana, salama yake ni kulipa na kuchukua hapo hapo. Na muuzaji aseme ni nini. Yule aliyeficha chakula kilicholowa chini ya kikavu sokoni Madina alikemewa kwa jambo dogo kuliko kuita shaba "kumi na nne."

Zakka? Wengi wa Mashafii hawaoni zakka katika pambo la halali linalovaliwa, Mahanafi wanaiona. Kwa anayefuata kauli ya kutoa, nisabu ni dhahabu safi gramu 85. Katika mapambo ya 1/20 14K utahitaji karibu kilo 3 ili kuifikia, na mwenye kilo tatu za bangili mwilini haombwi zakka, anaombewa shingo. Ila mfanyabiashara wa mapambo haya anatoa zakka ya biashara kwa thamani ya mali yake yote, dhahabu ndani iwe nyingi au kidogo.

Limebaki la mahari, ambalo ndilo lililotukalisha.

Nililipeleka kwa sheikh mmoja mzee, maana hili sikuthubutu kulisema kwa kichwa changu. Aliuliza jambo moja tu: kwenye akdi lilitajwa neno gani? Dhahabu. Basi, akasema, kilichotajwa ni dhahabu, na dhahabu ndiyo inayodaiwa. Shemeji hakukusudia kudanganya, kwa hiyo hana dhambi ya udanganyifu, lakini kudanganywa kwake sokoni hakuondoi haki ya mke. Amrudie aliyemwuzia kwa haki yake yeye. Na mke, kama anataka kusamehe kitu katika mahari yake kwa roho safi, Qurani katika Surat an-Nisaa, aya ya 4, imempa mume ruhusa ya kukipokea kwa raha. "Kwa roho safi," alirudia, akimtazama mama, si dada. Mama akatazama chini. Nadhani alijua kwamba jana yake usiku mama alikuwa amemwambia dada asamehe yote, watu wasije wakasema.

Dada alifikiri siku nzima. Hakusamehe yote. Alisamehe bangili mbili, akadai moja. Alisema pete aliyonayo anaikubali ilivyo sasa kwa kuwa anaijua ni nini. Shemeji alikiri deni mbele ya baba na mashahidi wawili. Nilieleza pale kwamba kuchelewa kwake si riba, kwa sababu hanunui dhahabu kwa mkopo, anadaiwa mahari, na siku atakapoipata dukani atalipa na kuchukua. Aliondoka na mke wake jioni hiyo, mtoto mgongoni, begi kichwani kwa shemeji.

Bangili ilipatikana miezi mitano baadaye. Nyembamba, ina alama ya 750, yaani daraja la 18, na kabla ya kulipa shemeji alipita na sonara wetu ili aipime. Dada haiteremki nayo ziwani. Zile tatu za kijani mtoto anazichezea.

Pete ya shemeji ilitusumbua kidogo. Kuipunguza ili itoshe kidole cha dada haikufaa, kwa sababu ukikata pete ya namna hii shaba inatokeza pale ilipounganishwa. Kwa hiyo dada anaivaa kwenye kidole gumba. Ni pana, maji yanapita chini yake bila taabu, lakini aliponipigia simu juzi aliniambia huwa anaizungusha vilevile.

Wallahu aalam.